Siku Niliyoamkiwa na Mchumba Wangu

Chekeni tu, nawajua, mtacheka, ila mkifika pale nitakaponyamaza naomba na nyie mnyamaze, maana mkasa huu una sehemu ambayo mie mwenyewe, pamoja na mdomo wangu wote huu, sijaweza kuicheka mpaka leo. Aibu nimeshaizoea. Aibu ni kama jino bovu, unajifunza kutafuna upande wa pili.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imeanza kumwagika mjini, na mie nilikuwa mpiga taipu kwenye kibanda cha kuchapa barua pale Kinondoni. Sasa kwenye yale marobota, katikati ya makoti ya baridi ambayo hakuna mtu Dar mwenye shida nayo, kulikuwaga na vitabu, na mzee mmoja alikuwa anavitandaza chini juu ya gunia karibu na sokoni, na mie kila nikipokea mshahara nipo pale nimechuchumaa. Nilikuwa nachagua vile vyenye jalada la mwanamke gauni linataka kumvuka na mwanamume aliyekosa vifungo vya shati (nilivifunika kwa gazeti, kwa sababu mjomba niliyekuwa naishi kwake angenirudisha madrasa na ukubwa ule).

Msinicheke kwa kuvipenda, kwanza nisikilizeni. Ni hadithi za Uingereza ya zamani, ya farasi na mishumaa, wana vita na Wafaransa, na kuna bwana mmoja tajiri ambaye kila mtu anamwona mpumbavu, kazi yake kuvaa na kulalamikia chai, kumbe usiku ni jasusi wa mfalme. Halafu kuna msichana mwenye mdomo, ameshakataliwa na wachumba kwa ajili ya mdomo huo, naye ndiye anayemshtukia, anavaa barakoa, anamfuata mpaka kwenye karamu ambayo hakualikwa, na wanakutana humo wanatukanana kwa adabu kurasa mia tatu mpaka wewe msomaji unatamani na wewe utukanwe. Kwetu mwanamke anayejibu anaambiwa ataozea nyumbani. Kule kila anavyojibu ndivyo anavyopendwa. Na jambo lililonilevya zaidi (hili nimekuja kulijua baadaye, nikiwa nimeshaharibu) ni kwamba siri zote za mle ndani ni siri za heri. Mwanamume akificha kitu, ukifichua, unakuta ushujaa. Ukikamatwa unafichua, unabusiwa.

Nilikuwa nawasimulia wenzangu kwenye saluni ya rafiki yangu Zuhura, Mwananyamala, wanasukwa huku wananisikiliza, na nilipokuwa nafika pale ambapo bwana anamtambua binti kwa sauti tu, ndani ya barakoa, katikati ya watu wote, saluni nzima ilikuwa inapiga kelele. Mie ndio nilikuwa napiga kuliko wote. Maana mie nina hii sauti yangu mnayoisikia, nene, ya kukwaruza, tangu mdogo naambiwa nimemeza chupa, na mtu pekee aliyewahi kuisifia alikuwa Jabiri. Aliniambia, "Rehema, hata uniite gizani kwenye watu elfu, nitajua ni wewe." Ningeachaje kumpenda?

Jabiri alikuwa mchumba wangu. Posa imeshapokelewa, mahari imeshazungumzwa, yamebaki mambo ya sanduku la nguo na siku ya ndoa. Kwao nilikuwa sijafika, hata nyumba siijui, kwa heshima ya mila, mwari hatangulii ukweni, na mama yake hakuwahi kunitia machoni. Kuhusu baba yake, Jabiri aliniambia yuko Tanga kwenye shughuli zake. Basi miezi ile ya mwisho Jabiri akabadilika. Haji, akija hakai, ukimuuliza anajibu neno moja, amekonda, macho mekundu. Zuhura akaniambia anamwona kila jioni anapita mbele ya saluni na kikapu, anaingia mitaa ya nyuma kule, wakati mie ananiambia anakwenda kazini Kawe.

Mtu mwenye akili angemkalisha chini akamuuliza. Mie nilikuwa nimesoma vitabu.

Jumamosi ile nikaazima buibui la mama yake Zuhura na nikabu yake, nikakaa saluni toka asubuhi nimefunikwa, macho tu ndiyo yako nje, najisikia jasusi hasa. Zuhura akaniambia, "Shoga, muulize tu." Nikamwambia nitamuuliza nikiwa na ushahidi. Na kweli, kabla ya adhuhuri nikamwona Jabiri anakuja haraka haraka, akaingia duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Nikasogea mlangoni. Wakamshushia jora la bafta nyeupe, wakapima, wakapima, wakakata, akaongeza nyingine, akachukua na marashi, na udi, na pamba, vyote vikafungwa pamoja. Mie pale nilipo moyo ulikuwa unanitoka. Nguo nyeupe, marashi, udi! Huyu anaoa! Nikawa namwonea wivu mwanamke atakayevaa ile bafta, nawaambia ukweli, nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka.

(Mie ni mtoto wa Kiislamu. Nimezika bibi, nimezika mdogo wangu. Nimeona vitu vile vile vimepangwa juu ya mkeka kwetu mara mbili. Lakini siku ile jicho lilikuwa limeshaamua kitu cha kuona.)

Nikamfuata. Nikajificha nyuma ya mkokoteni wa maji, nikajifanya nafunga kiatu, visa vyote vya kwenye vitabu nilivifanya, mpaka akaingia nyumba moja yenye watu wengi mbele, wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Nikazunguka uani kwa wanawake. Nikakuta masufuria makubwa yanashushwa, kuni, watu wanapishana, nikajisemea, ndiyo harusi yenyewe hii, ila hawa mbona wamesahau hata vigelegele? Kabla sijajijibu mama mmoja akanishika mkono, akasema, "Pole, mama. Pita ndani kwa wenzio," akanivuta, na kule ndani ndiko nilikosikia kilio.

Msiba. Nimeingia kwenye msiba wa watu nisiowajua.

Hapa ningeweza kukaa kidogo, nikatoa pole, nikaondoka, msiba haumfukuzi mtu wala haumuulizi kadi. Lakini kosa la kwanza, sikuvua nikabu. Wenzangu wote wamefunua nyuso, tuko wanawake watupu, mie peke yangu nimejifunika, kwa hofu Jabiri asije akachungulia. Kosa la pili, nililia. Nilikuwa na machozi yangu tayari ya ile bafta, nikaona niyatumie, nikalia kwa nguvu ili nifanane na wafiwa, na nikapitiliza, nikawashinda hata wenye marehemu wao. Chumba kikaanza kupoa. Nikaona wanagusana viwiko.

Mwanamke mnene aliyekuwa karibu na mlango, baadaye nilijua ni dada wa marehemu, akaniuliza, "Bibi, wewe nani kwa kaka yangu?"

Nikatafuta jibu lisilo na madhara. Nikanong'ona, "Alinifanyia wema."

"Wema gani?"

Nikanyamaza. Na nyie mnaijua Dar: anakufa mwanamume, anaingia mwanamke asiyejulikana, amejificha uso, analia kuliko mke, anasema alifanyiwa wema, akiulizwa wema gani ananyamaza. Hata mie ningekuwa nimekaa upande wa pili ningejua huyo ni nani.

"Haya!" dada wa marehemu akasimama. "Kaka yangu hata hajatoka ndani, warithi wameshafika! Mfunueni tumwone huyo hawara!" Na mikono ikaanza kuja, mmoja ameshashika ncha ya nikabu, nikaing'ang'ania, nikasema leo nakufa mie.

"Mwacheni."

Sauti ilitoka kwenye kona. Mjane alikuwa amekaa ameegemea ukuta, mwembamba, kanga imemlegea mabegani. Hakupaza sauti. Akasogea akatoa nafasi kwenye mkeka wake, akaupigapiga na kiganja. "Mpisheni akae hapa."

Nikaenda. Ningefanya nini? Nikakaa, na yule mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Nilijua upo. Miaka yote nilijua, sikuwa na wa kumwambia." Halafu akaniinamia sikioni, haya hakuna aliyeyasikia ila mie. "Mwenzangu, na wewe uzima upo? Umekwenda kupima?"

Hapa ndipo pa kunyamaza.

Mnaikumbuka miaka ile. Ule ugonjwa haukuwa na jina, ulikuwa unaitwa kwa kuinua kidole au kwa kushusha macho. Nikaelewa kilichomuua mwenye nyumba, na nikaelewa huyu mama anajihesabia nini, na amekaa nalo peke yake muda gani, na leo ndiyo mara ya kwanza anamwambia mtu, na mtu mwenyewe ni mie, mpiga taipu niliyevaa buibui la kuazima. Nikatikisa kichwa. Sijui alielewa nini. Akanishika kwa nguvu zaidi, akalia, na wale waliokuwa karibu wakasema, "Mwacheni alie, toka asubuhi hajalia."

Kisha akafuta uso, akasema, "Mwiteni mwanangu. Mwiteni Jabiri aje amwamkie mama yake mdogo."

Pazia likafunguliwa, Jabiri wangu akaingia ameinamisha kichwa, na kofia mkononi, na mabegani kwake kuna nyuzi nyeupe za ile bafta. Baba hakuwa Tanga. Baba alikuwa chumba cha pili, anavishwa sanda.

Mama yake akamwambia, "Huyu ni mama yako. Baba yako alichokifanya ni chake, wewe mwamkie."

Nikaona fedheha inavyompanda mtu shingoni, mbele ya shangazi zake na majirani. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama mdogo."

Wote wakanigeukia. Shikamoo haiachwi hewani, kutoitikia ni tusi, na kwenye msiba ni zaidi ya tusi. Nikajaribu kuibana sauti, nikajaribu kuifanya nyembamba, ikatoka ile ile.

"Marahaba."

Hakuinua kichwa mara moja. Mkono wake tu ndio ulioikamata kofia ikakunjamana. Aliijua sauti ndani ya nikabu, katikati ya watu wote, neno moja tu, sawa kabisa na kwenye vitabu.

Akainuka. Akasema kwa heshima, "Mama mdogo, nakuomba mara moja nje." Mama yake akaniachia mkono polepole.

Kule uani nyuma ya masufuria nikasubiri anitukane. Katika vitabu binti anakuwa na neno hapa, neno la kuchekesha linalomaliza yote, na mie nikalitafuta kweli, nikaambulia kusema, "Nilidhani unaoa."

Akaniangalia. "Ningekwambia nini, Rehema? Kwamba baba anaumwa nini, wajomba zako wakasikia, posa ikarudi?" Halafu, "Nenda. Usivue hiyo nguo mpaka uvuke barabara. Mama asikuone uso."

Nikatoka katikati ya wanawake wakinisonya, mmoja akatema mate pembeni. Nilistahili? Lile la uhawara hapana. Mengine yote ndiyo.

Mjomba alikwenda kutoa pole kama mkwe, akarudi anasifia subira ya yule mama. Jabiri alikuja siku nyingi baadaye, tukasimama nje ya kibanda cha kuchapa. Nilimwomba amwambie mama ukweli, niende nikapige magoti. Akakataa. Alisema tangu siku ile mama anakula, anazungumza, amekubali hata kwenda hospitali kupima, kwa sababu anasema hayuko peke yake, kuna mwenzake mahali anabeba mzigo ule ule. "Nimnyang'anye na hilo?" Nikasema basi tufunge ndoa, tusimwambie, hajaniona uso. Akatabasamu kwa huzuni. "Na sauti je?"

Posa ikavunjwa kwa maneno ya wazee, kwamba mambo hayajakaa sawa. Hakuna aliyejua sababu ila sisi wawili na Zuhura.

Kabla hajaondoka siku ile alinipa kifurushi cha gazeti. "Mama ametuma. Amenisumbua nikutafute." Nikafungua. Ilikuwa bafta nyeupe. Jabiri alikuwa amekata sanda ya baba, akakata na nguo ya eda ya mama, na mama akaichana nguo yake vipande viwili, kimoja akanitumia mie mwenzake, nisije nikakaa eda bila nguo.

Vile vitabu nilimrudishia mzee wa gunia, akadhani nimeokota akili. Simfuati tena mtu yeyote mtaani, hata nikiibiwa. Na nikimwona mtu ananunua bafta namwambia pole kwanza. Kama ni harusi atanicheka, ni haki yake. Wasichana wenzangu waliletewa sanduku kutoka ukweni, kanga doti kwa doti, na viatu, na manukato. Mie kutoka kwa mama mkwe niliyempenda nililetewa nguo moja tu, na ninayo mpaka leo.