Homa ya Maziwa Yetu na Swali Langu juu ya Msalaba

Wapendwa wa Mpofi, naomba wale walio kwenye mabenchi ya nyuma wasogee mbele kidogo, maana sauti yangu si ya kuhubiri. Mimi ni mama wa kuuza maziwa kutoka Kingi. Wananiita Mama Solange. Mmeniomba niwaeleze jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Nitaeleza yote, hata ya aibu, kwa sababu nikificha kipande mtarudi nyumbani na nusu ya dawa.

Sisi ni wafugaji. Mume wangu, Papa Solange, anakamua. Mimi nachuja, napima na kuuza. Kabla ya ugonjwa, wateja wangu wengi walikuwa watu wa kanisa letu. Jumapili nilifika mapema na bido, lile dumu la maziwa, nikaliweka kivulini nyuma ya kanisa, na baada ya ibada akina mama walikuja na chupa zao. Yalikuwa maziwa mabichi. Ndivyo tulivyokunywa tangu babu zetu, na kwetu mtu akichemsha maziwa tulimwona kama anayaharibu. Mimi mwenyewe nilikunywa povu la juu kila asubuhi, kabla ya kunawa uso.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa jirani yangu, Mama Riziki. Yeye na mume wake ni wakulima wa maharage na mihogo. Mnajua maneno ya ugomvi yaliyopita kati ya wakulima na wafugaji kule Masisi, sina haja ya kuyarudia hapa. Lakini sisi wawili tuliimba korale moja, kwaya ya kanisa. Yeye alinipa maharage, mimi nilimpa maziwa, na maisha yalikwenda.

Msimu mmoja wa mvua, ng'ombe wetu aliharibu mimba. Mume wangu alikuwa ameshuka Shasha kutafuta chumvi ya mifugo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nilimvuta ndama mfu kwa mikono mitupu. Kondo la nyuma lilikwama, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko nikalitoa. Kwenye kidole gumba nilikuwa na jeraha dogo la kisu cha mihogo. Nikanawa kwa maji, nikaendelea na kazi zangu.

Baada ya kama wiki tatu, homa ilianza. Ilikuwa homa ya ajabu. Asubuhi nilikuwa mzima, nilifua nguo, nilichuja maziwa. Ikifika saa nane mchana, meno yalianza kugongana. Alfajiri nilikuta shuka limelowa, na jasho langu lilinuka kama nyasi kavu zilizonyeshewa. Kisha kiuno kikaanza kuuma. Maumivu yalitoka chini ya mgongo yakashuka kwenye nyonga ya kushoto, mpaka nikichuchumaa chooni sikuweza kuinuka. Binti yangu Solange alikuja kunivuta kwa mikono miwili. Mama mtu mzima, kuvutwa chooni na mtoto wake.

Nilitibiwa malaria. Homa ikapungua, ikarudi. Nilitibiwa tifoide. Ikapungua, ikarudi. Miezi minne ilipita hivyo, na kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja sasa kilinizunguka karibu mara mbili.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Mmoja alisema nimerogwa. Mwingine alimshauri mume wangu anichunguze, huenda nina dhambi niliyoificha. Mimi ni mtu wa maswali tangu utoto, kwa hiyo sikukasirika sana. Nilitaka kujua. Nilikaa kwenye mkeka nikapitia dhambi zangu moja moja, na ninazo za kutosha. Lakini sikuona hata moja inayokuja saa nane mchana na kuondoka asubuhi.

Pasta wetu, Pasta Bauma, alikuja kuniombea. Alipomaliza aliniambia, "Mama Solange, hii ugonjwa njo musalaba yako. Uibebe na uvumilivu."

Nilimwuliza, "Pasta, Yesu alikutana na wagonjwa wengi. Kuko hata mumoja alimwambia abebe ugonjwa yake?"

Alifungua Biblia, akaifunga bila kusoma.

"Hakuna," alisema. "Aliwaponesha."

"Sasa musalaba iko nini? Kila Jumapili tunaimba juu yake."

"Mama, acha nirudie kusoma. Sitaki kudanganya muntu mugonjwa."

Alipotoka, mume wangu aliniambia nimemwaibisha mtumishi wa Mungu. Mimi niliona vingine. Tangu siku ile nilimwamini Pasta Bauma zaidi.

Wiki iliyofuata miguu ilikataa kabisa. Wakaita pikipiki, lakini sikuweza hata kufika barabarani, kwa maana kila shimo lilinichoma kiunoni kama msumari. Basi wanaume wa kanisa walitengeneza kipoyi, miti miwili na blanketi katikati. Walinibeba kutoka Kingi mpaka hospitali ya Masisi-centre, wanne wakibeba na wanne wakipokezana, matope yakifika kwenye mashavu ya miguu. Papa Riziki alikuwa mmoja wao. Pasta Bauma naye alikuwa mmoja wao, na mabuti ya mvua. Kwenye mteremko nilisikia pumzi zao na nikaona haya, mtu mzima kulala huku wengine wanatoka jasho kwa ajili yangu.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana mwembamba. Hakuandika dawa. Alivuta kiti akaketi.

"Mama, unafanyaka kazi gani?"

Kwa miezi minne hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo.

"Nauzishaka maziwa, docta."

"Na wewe unakunywaka ya kuchemsha ao mbichi?"

"Mbichi."

"Kuko ngombe yenu yenye iliharibisha mimba?"

Nilimtazama. "Docta, nani alikuelezea mambo ya ngombe zetu?"

Alicheka kidogo. "Homa yako njo inanielezea."

Walinitoa damu, na jibu lilipokuja alinieleza jina la ugonjwa: bruseloze. Alisema ni mdudu mdogo sana anayekaa ndani ya ng'ombe na kumharibia mimba. Anatoka kwenye maziwa mabichi, kwenye damu na maji ya kuzaa, kisha anaingia kwa mtu. Nikamwuliza kama hakuna dhambi ndani yake.

"Iko mududu, Mama. Haiulizake kama muntu anasali ao hapana."

Sitasahau neno hilo. Niliuliza maswali mengine mengi, na kijana yule alijibu yote. Nilidungwa sindano matakoni mpaka sikuweza kuketi, na nikapewa vidonge vya wiki sita. Aliniambia nisiviache hata nikijiona nimepona. Vilinichoma tumbo, nikajifunza kuvimeza na bugali. Wiki ya tatu, shuka langu liliamka kavu. Wiki ya tano, nimesharudi nyumbani, nilichuchumaa chooni nikainuka mwenyewe. Nilibaki humo nikicheka peke yangu, mpaka Solange akabisha mlango akidhani nimeanguka.

Lakini siku ya kutoka hospitali nilikuwa nimemwuliza daktari swali la mwisho.

"Na wenye wananunuaka kwangu?"

"Wamoja wanaweza kuwa nayo. Uwaambie wachemshe. Mwenye iko na homa ya kurudia-rudia akuje tumupime."

Nikawaza Mama Riziki, aliyekuwa akilalamika homa ya mchana tangu miezi mitatu. Nikawaza wanaume wanane wa kipoyi. Wote walikunywa kutoka bido langu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu. Alikataa.

"Ukisema ile mu kanisa, kesho watasema ngombe za wafugaji zinauaka watu. Unajua vile maneno inatembeaka hapa kwetu. Chemsha pole pole, uuzishe, unyamaze."

"Na wenye walishakunywa?"

Alichukua fimbo yake akatoka. Simlaumu. Tuliwahi kukimbia vita na kurudi, na ng'ombe hao ndio waliokuwa wamebaki. Niliogopa kama yeye.

Siku mbili baadaye Pasta Bauma alirudi. Hata hakusubiri kiti.

"Nimesoma," alisema. "Mama, homa haikukuomba ruhusa. Haiko musalaba, iko ugonjwa, na ugonjwa tunaitafutiaka dawa. Nilikosea. Lakini Yesu, mu ile bustani, usiku ya kumukamata, njia ya kukimbia ilikuwa wazi. Hakukimbia, juu ya wengine. Nafikiri musalaba iko ile muzigo unaweza kuweka chini, na hauiweke."

Ndipo nikamweleza habari ya maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi nilikunywa?"

"Hata wewe, Pasta."

Sasa ndipo aliketi. "Sasa musalaba yako umeiona. Mimi sitakubebesha. Utaamua wewe mwenyewe."

Jumapili ile kanisa lilijaa. Korale iliimba, ngoma ikalia, na wakati wa shuhuda nikapita mbele, chini ya msalaba wetu wa mbao za mikaratusi. Tangu utoto nilishangaa kwa nini tunatundika ukutani kitu cha kuulia watu na kukiimbia nyimbo za furaha. Niliposimama pale, kwa mara ya kwanza nilielewa kidogo. Aliyetundikwa pale alikuwa na nafasi ya kunyamaza na kwenda zake.

Nilisema yote: ndama mfu, homa, mdudu, maziwa. Niliwaambia wenye homa waende wakapimwe. Nikaomba msamaha.

Nyuma mtu mmoja akasema, "Kumbe ile njo mulikuwa munatupatia."

Kisha nikasikia hatua upande wa wanaume. Alikuwa Papa Solange. Asubuhi alikuwa amekataa kuja ibadani, na sikujua aliingia saa ngapi. Alisimama kando yangu, kofia mkononi.

"Ngombe ni zangu," alisema. "Bibi yangu anachujaka tu. Mwenye iko na kasirani anitafute mimi. Ile ngombe nimeitenga, na veterinere, docta ya ngombe, atafika kupima zingine. Mupaka pale hatutauzisha hata tone."

Tumeishi pamoja miaka kumi na saba, na siku ile nilimtazama kama mtu ninayekutana naye mara ya kwanza.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Watu saba walikwenda kupimwa, watatu walikutwa na mdudu, Mama Riziki akiwemo. Alikuwa ametoka kanisani bila kunisalimia. Ng'ombe wawili waliondolewa kundini. Sokoni mtu mmoja alisema niliwapa watu sumu kwa kusudi, na neno hilo liliniuma kuliko kiuno. Yale aliyoogopa mume wangu, baadhi yake yalitokea kweli.

Wote watatu walipata dawa, wote watatu wamepona. Na siku moja asubuhi, baada ya ng'ombe waliobaki kupimwa na kuonekana wazima, Mama Riziki alitokea mlangoni kwangu na sufuria.

"Unipimie litre mbili. Nitachemsha mupaka ipande, kama vile docta alisema."

Nilimwuliza kama hana tena kasirani.

"Nilikuwa nayo sana," alisema. "Unajua, mimi nilifikiri homa yangu iko azabu juu ya kuchukia mama mukwe wangu. Miezi mitatu nilikuwa ninamuomba musamaha kila siku. Halafu wewe unasimama, unasema iko maziwa."

Alisubiri nimalize kupima.

"Lakini sasa mimi na yeye tunapatana vizuri. Sitamuambia."

Tulicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Basi, akina mama na akina papa wa Mpofi, najua hapa ng'ombe ni wachache, lakini maziwa, mashanza, yale ya mgando, na fromaji, yaani jibini, kutoka milima yetu vinawafikia. Maziwa yachemsheni mpaka yapande, hata muuzaji akiwa dada yenu katika Bwana, hata akiwa mimi. Mashanza yatengenezwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, na muulize kama fromaji ilitengenezwa hivyo. Ng'ombe au mbuzi akiharibu mimba, msimguse kwa mikono mitupu. Homa ikienda na kurudi, mwambieni daktari kazi mnayofanya, hata kama hajauliza. Na mkienda kumtazama mgonjwa, kabla ya kumwambia abebe msalaba wake, muulizeni kwanza kama amepimwa.

Namshukuru Mungu kwa kijana yule aliyevuta kiti. Namshukuru kwa mabega manane ya Kingi, na kwa pasta aliyekwenda kusoma tena. Mimi leo nimetembea kilima chenu kwa miguu yangu.

Kama kuna mwenye homa ya mchana hapa, asione haya. Mama Riziki ndiye yule anayeketi karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Ananijulisha kwa macho kwamba habari ya mama mkwe sikupaswa kuisema. Amewahi kulala kwenye hospitali ile, anajua njia, na kesho asubuhi tunarudi upande huo. Mnaweza kutembea pamoja nasi.