Skrubu Upande wa Ngozi

Mpaka leo mtu akiniambia "geuza tu", damu inanichemka.

Kuchora kwa kompyuta nilijifunzia Mbarara, na kazi nikaipata huko huko, kwenye karakana moja ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga. Tulitengeneza vyuma vya kushikilia miguu iliyopooza, na wengi waliovivaa walikuwa wakimbizi wa kambi ya Nakivale. Mama yangu ni mmoja wao. Mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, kule Kivu ya Kusini, na bila chuma hafiki shambani kwake.

Chake nilikichora mwenyewe. Vyuma viwili vyembamba, kimoja nje ya paja, kingine ndani, vyote vimepinda kuufuata mguu. Kilichonikalisha ni matundu ya skrubu. Tundu la kawaida linaacha kichwa cha skrubu kimetokeza. Kwa hiyo kwenye programu unalipanua mdomo, kama faneli, ili kichwa kizame na chuma kibaki laini. Halafu programu inataka kujua mdomo uelekee uso upi. Nilichagua uso wa ngozi, kwa cha nje na kwa cha ndani. Nikauzungusha mchoro, nikautazama tena. Bosi akaupenda, akasema utumike kwa wote waliokuwa wanangoja.

Basi si akakata kile cha nje mara mbili, cha pili akakigeuza kiwe cha ndani. Mpindo ukakaa sawa. Lakini midomo ya matundu ya hicho cha pili ikaangalia nje, mbali na paja, na vichwa vya skrubu vikabaki vimetokeza upande wa ngozi. Ndivyo walivyofanya siku zote, tangu enzi za matundu ya kawaida, yasiyojali upande, na mimi niliyechora hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kukabidhi, picha zilipigwa. Mama akaambiwa atembee, akatembea. Akaambiwa aseme neno, akasema asante.

Nilipokwenda Nakivale kumsalimia, nilimkuta amekunja kipande cha kitenge, amekipachika chini ya chuma. Nikakitoa. Paja lilikuwa limechubuka, linatoa maji.

"Mama, mbona hukusema?"

"Bale batu balitusaidia mingi, mwanangu. Mutu anakupa kitu, unamuambia kinauma? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Nilimkasirikia bosi, nikamkasirikia na yeye kwa ile asante yake. Nikamvua chuma, nikapanda nacho gari la Mbarara. Yeye akabaki amekaa mlangoni, maharage yake yakimngoja shambani.

Nilikiweka chuma mezani kwa bosi, pamoja na kile kitenge. Hakugomba wala hakuomba radhi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikipapasa chuma kwa upande wa nje, pale palipo laini.

"Nyabo, dada yangu, hii chuma ni moja tu. Unageuza. Lakini ya mama yako, sawa, tutakata ingine."

"Na vya wale wengine?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za kijiji asichokijua.

"Wale wako sawa. Hakuna mtu amelalamika."

Nikakifungua kile kitenge mbele yake, upande uliokuwa umegusa kidonda.

"Mama yangu pia hakulalamika," nikamwambia.