Kidole cha Bibi na Laini Aliyoijua Mjomba

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, nami nikiwa darasa la tatu. Saa hiyo inanirudia kila ninaposikia harufu ya korosho zikichomwa kwenye bati, ule moshi mzito unaowasha macho na kukaa kwenye nywele hadi uoge mara mbili. Bibi yangu alinukia hivyo msimu mzima. Kwetu Mpapura hakuna aliyeona ajabu.

Sasa nipo kidato cha tatu, na jambo hili sijamsimulia mtu. Mimi ni mtu wa aibu, jamani. Hata darasani nikijua jibu nasubiri mwingine alitoe. Basi naliandika.

Siku ile mimi na bibi tulikuwa mjini, Chuno, kwenye foleni ya dada aliyekuwa akisajili laini za simu kwa alama za vidole. Ilikuwa siku ya mwisho. Ambaye hajasajili, laini yake inafungwa. Tulichelewa kwa sababu bibi alitaka kwanza amalize kubangua gunia la korosho za harusi ya jirani.

Laini yenyewe haikuwa na kazi nyingi. Mjomba Saidi, kitinda mimba wa bibi, alivuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji, na hakuwa na simu. Akiazima ya mtu, alipiga namba moja tu aliyoishika kichwani, ya mama yake. Zamani, bibi alikuwa akisema, salamu zilibebwa na watu: anayevuka leo anapeleka, anayerudi mwezi ujao analeta majibu, pengine na kitenge juu yake. Simu zilipoingia, wabeba salamu wakaacha. Nani ajisumbue kumtafuta mtoto wa mwenzie, wakati mwenyewe anaweza kupiga?

Zamu yetu ikafika. Bibi akaweka kidole kwenye kile kimashine, kikawaka taa nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Dada akavifuta kwa khanga, akavipaka mafuta ya kujipaka, akavibonyeza mwenyewe kimoja kimoja. Vyote kumi, nyekundu.

"Bibi, vidole vyako vimefutika. Havina mistari kabisa."

Mzee mmoja nyuma yetu akadakia, "Huyu kala tonge kameza na alama zake."

"Nimeziacha kwenye korosho unazotafuna harusini," bibi akamjibu kwa lugha ya kwetu bila kugeuka. Foleni nzima ikacheka. Mimi nikainamisha uso.

Utomvu wa ganda la korosho unaunguza, unababua ngozi, na bibi alikuwa anabangua tangu usichana. Kitambulisho cha taifa, nacho cha alama za vidole, alikipata mwaka mikorosho ilipokataa kuzaa, vidole vikapumzika na mistari ikarudi. Kabla ya hapo, kwenye karatasi za kuuzia korosho, aliweka dole gumba la wino, na wino haukuwahi kumkataa. Likitokea doa tupu, watu walisema hilo ndilo lake.

"Weka changu," nikanong'ona, nikanyoosha kidole.

Dada akatabasamu. "Mdogo wangu, laini ya bibi inataka kidole cha bibi." Kisha akanitazama, maana bibi Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta. "Kuna swali lingine?"

Lilikuwepo. Nilitaka kuuliza kama hakuna njia nyingine. Lilishafika mdomoni, lakini watu nyuma walikuwa wanasonya, nikatikisa kichwa. Dada akaita, "Anayefuata."

Mwaka jana nilimsindikiza mama kusajili laini yake. Mbele yetu kulikuwa na baba mmoja asiye na mikono. Alikuja na barua ya mwenyekiti wa kijiji, wakampeleka ndani, wakamsajili. Nikajikaza, nikamuuliza kaka wa pale kama njia hiyo ilikuwepo hata miaka ile.

"Ilikuwepo," akasema, "kwa aliyeuliza."

Mashine haikumjua bibi. Mimi nilimjua, nikanyamaza. Mjomba hatujamsikia tena. Wanaovuka mto tunawatuma, wanasema watamuulizia, wanarudi na habari za bei ya mchele. Nikiwa mdogo nilidhani angetaka angepata njia nyingine, kwamba ameamua kutusahau, hata nikamchukia. Bibi bado anapeleka simu yake kuchajiwa kila Ijumaa, na anayejua sababu ni mimi peke yangu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda shule, bibi aliazima simu ya jirani, akanipa niipige namba yake tuone kama kweli wameifunga. Ya kwake tulikuwa tumeiacha dukani inachajiwa. Nikapiga. Sauti ya mwanamke ikasema namba hiyo haipatikani.

"Inaita?" bibi akauliza.

"Inaita, bibi."

"Basi Saidi atatupata," akasema, akanifunga vifungo vya sare, nikaenda shule.