Aliyemzeesha Mama Mdogo

Nikiwa bado mtoto wa kuogeshwa uani mbele za watu, nilikuwa na macho makali kuliko watoto wote wa Kariakoo. Sijisifu, waulizeni niliokua nao, kama kuna anayekubali ukweli. Mimi ndiye niliyeiona ile mikunjo kabla ya mtu yeyote.

Mama mdogo Zena, mdogo wake mama yangu, alikuwa ameinama akipanga magauni ya mtumba ya kupeleka sokoni Mchikichini. Nikamwuliza, "Mama mdogo, mbona shingo yako imejikunja kama soksi?"

Alinizaba kofi ambalo nikiligusa shavu hili nalisikia mpaka leo. Lakini soksi ilikuwa soksi. Hakuwa hata na miaka thelathini, na uso ulikwishaanza kumshuka: mashavu mekundu kama yaliyounguzwa na mvuke, mabaka meusi chini ya macho, na vifundo vya vidole vimegoma kabisa kuwa vyeupe. Mchumba wake naye akaanza kuadimika.

Sasa, chumba cha mwisho cha nyumba tuliyopanga alikaa Bi Somoe, bibi wa Lindi asiye na mtoto wala ndugu mjini. Kutwa alikaa kivulini akishona mikeka, na uso wake ulikuwa laini, unang'aa kama biringanya. Kijana anakunjamana, mzee ananawiri, na wote korido moja, choo kimoja. Watu wakaanza kunong'ona.

Mama akampeleka mdogo wake kwa mganga Magomeni. Waliporudi nilijibanza nyuma ya pazia, nikasikia yote. Mganga aliuliza kama Zena aliwahi kumwazima mtu mzima nguo. Aliwahi: khanga, alimwazima Bi Somoe ya kwendea harusini, na Bi Somoe akairudisha imefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Basi ndimo nyota yako ilimokwenda," mama alisema. "Ujana wako anao yule."

Watoto wengine wangeogopa. Mimi niliingia uani, nikaanua khanga ya Bi Somoe kwenye kamba, nikajifunga kifuani, nikaketi kuusubiri uzee. Bi Somoe akanikuta.

"He! Mume wangu, umeolewa lini?"

"Nataka nione kama nitazeeka. Wanasema ukichangia nguo na wewe unazeeka."

Alianza kucheka, cheko lake la mapengo. Kisha likakatika. Hakuninyang'anya khanga. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na ile mikeka akaiacha juani.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri, baba mwenye nyumba aliwakusanya wapangaji uani. Alisema hataki maneno mengi, ila nyumba yake haina nafasi ya mambo hayo.

"Mambo gani?" Bi Somoe aliuliza. "Ujana wa Zena nimeuficha wapi, chini ya godoro? Ingieni mpekue. Mkitoka humo, mwulizeni anakoroga nini kwenye lile kopo lake."

Hakuna asiyejua. Kila asubuhi harufu ilitupita koridoni: krimu za kwenye tyubu, sabuni, dawa ya nywele na yale maji ya kung'arishia nguo nyeupe, vyote vimekorogwa pamoja kwa kijiko. Anajipaka, anakwenda kusimama juani Mchikichini mpaka jioni. Mama yangu alitazama chini. Zena akaanza kulia.

Nikaona zamu yangu imefika. "Mimi nimeivaa khanga yake tangu jana, na sijazeeka!"

Baba mwenye nyumba akanitazama. "Wewe una nyota gani ya kuibiwa?"

Wakacheka wote, na kwenye kicheko kile shauri likaisha. Ijumaa Bi Somoe alijitwika mikeka yake akashika njia ya Mnazi Mmoja. Hakuna aliyetoka kumsindikiza. Mama alinishika mkono kwa nguvu, nami nisitoke.

Mwizi alipoondoka, Zena akazidisha mkorogo, maana sasa aliamini utakubali. Na jua la sokoni likampokea vilevile. Miaka ilipita, akaolewa na mtu mwingine, akajifungua kwa upasuaji. Kidonda kikakataa kufunga. Nesi alimwambia mama pembeni, mimi nikiwa papo hapo, "Ngozi hii haishiki uzi." Mtoto alikua, yeye alikaa wodini hadi mume akachoka kuja.

Siku hizi anaishi kwangu. Mchana hatoki nje, uso hauvumilii. Mgeni akibisha hodi humwamkia yeye kwanza, kisha mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa. Mama hujifanya hakuona.

Akijipaka mafuta jioni, kwa vidole taratibu, kama anayepaka karatasi, huniambia, "Yule bibi alinimaliza, baba."

Mimi sijashindwa mabishano hata na polisi. Kwake hujibu tu, "Ndiyo, mama mdogo." Nikimwondolea Bi Somoe, atabaki na kopo lake na kioo, na sisi wote tuliokuwa tukiisikia ile harufu tukanyamaza. Namhurumia, kwa hiyo naitikia. Lakini kila ninapoitikia, najua namfukuza tena bibi wa watu, na hata alikozikwa sikujui.