Chai ya Saa za Ziada

Shemeji aliniuliza tukiwa tunakula chakula cha usiku. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Jirani hapo anafanya kazi kiwanda kimoja na wewe. Anatokaga saa moja, na wewe unatokaga saa moja. Mwezi ukiisha yeye ana mshahara na ana ovataimu. Yako inaendaga wapi?"

"Sisi wa kuosha kreti hatulipwi ovataimu, shemeji. Tunakunywa chai."

"Jirani naye anaosha kreti."

Dada akainamia sahani yake. Ndiye aliyemwomba mume wake anipokee hapa Nyakato nilipotoka kwetu Guta, na alimhakikishia jambo moja tu, kwamba mimi si mwongo. Nilitaka kueleza, lakini sikujua nianzie wapi. Hata mimi nilikuwa sielewi.

Kiwanda chetu kinakata minofu ya sangara. Siku niliyoanza, msimamizi alituambia kwamba mshahara ni wa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Gari la samaki likichelewa, watakaobaki watalipwa saa zao pembeni. Niliitikia kwa kichwa kama wenzangu. Moyoni nilijiuliza, kama wamenichukua kwa mwezi, si mwezi wote ni wao? Siku moja inakuwaje na malipo mawili?

Saa kumi ikifika, msimamizi alikuwa akiuliza, "Nani anabaki?" Nilikuwa nabaki. Inaletwa chai na maandazi, tunakunywa, tunaendelea kuosha. Kazi ya namna hiyo naijua toka nyumbani. Mtu palizi ya pamba ikimshinda anaita majirani, mnalima, anawapikia chakula na chai, mnakula, mnarudi kwenu. Huondoki kabla mwenye shamba hajasema basi. Na hakuna anayeandika jina, maana kuandika jina ni kumwambia mwenye shamba kuwa unamdai. Nilipoiona chai nikajua ni mambo yale yale.

Ila daftari lilikuwepo. Siwezi kusema sikuliona. Lilikaa kwenye meza karibu na mlango, na kila aliyebaki aliandika jina, saa na sahihi. Jioni ya kwanza nami nilipanga foleni. Mimi naandika polepole, tangu shule ya msingi. Nilipofika herufi ya nne, mama mmoja wa kufungasha minofu akasema nyuma yangu, "Baba, unaandika jina au unachora ramani ya ziwa?"

"Mwache," mwingine akamjibu. "Anafanya ovataimu ya kuandika ovataimu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaweka kalamu, nikaondoka. Toka siku hiyo nikawa napitia mlango wa nyuma. Mpaka sasa sijui kilichonizuia ni desturi ya kwetu au ni ile ramani. Kila nikijiuliza napata jibu tofauti.

Kesho yake baada ya maneno ya shemeji nilikwenda ofisini. Nilisimama mlangoni mpaka karani akaniona mwenyewe. Alifungua daftari, akafunua kurasa nyingi.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hapa hupo."

Akamwita msimamizi. "Huyu anabakiga kila siku," msimamizi akasema. "Mimi nilidhani ameamua kutusaidia."

"Kwa hiyo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Ila hayupo kwenye daftari."

Wakatazamana, kisha wakanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Mwishowe karani akasema niandike barua, nitaje siku zote nilizobaki. Wakubwa wataona.

Niliiandika Jumapili, baada ya kanisa, kwenye meza ya kulia chakula. Shemeji alikuwa anajiandaa kwenda Butiama kumwona mama yake. Alipokwenda kuoga nilikuwa kwenye tarehe. Aliporudi nilikuwa bado sijamaliza salamu. Akavaa viatu, akachukua mkoba, akapita nyuma yangu, akasimama. Nilikuwa nimelifikia jina langu. Mkono ukazidi kuwa mzito.

"Ndivyo unavyoandikaga?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na pale kazini foleni inakuwa nyuma yako."

"Inakuwa nyuma."

Akaitazama barua. Halafu akamwambia dada, "Mama, mletee mdogo wako chai."

Chai ikaja, na andazi juu ya kisahani. Nilishika kikombe, nikashindwa kujua ni chai ya namna gani. Kwetu inamaliza kazi na hakuna anayemdai mwenzake. Kiwandani haimalizi kitu. Hii ya shemeji sikuweza kumuuliza. Dada alikuwa amesimama penye mlango wa jiko, na kwa mara ya kwanza tangu usiku ule alikuwa ananitazama usoni.

Nikanywa kidogo, nikarudi kwenye karatasi.

"Zimebaki siku ngapi za kuandika?" shemeji akauliza.

"Nyingi."

Akatazama saa yake, akaweka mkoba chini, akaanza kufungua kamba za viatu.