Kazi Yangu ya Kumshikia Babu Gia

Siku ya kwanza kazini nilichelewa, ingawa kituo cha kazi kilikuwa nyuma ya jiko letu. Mkuu wa Gereji, ambaye nyumbani tunamwita Babu, alikuwa ameshakaa kwenye usukani, injini imezimwa, mkono wake wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa ametoka kupasuliwa bega. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinitazama miguu.

"Umevaa ndara."

"Ndiyo, Babu. Lakini kazi yangu si ya mkono?"

"Gari halijui hilo. Nenda kavae viatu."

Ndivyo nilivyoanza kazi. Hakuna aliyenifanyia usaili, hakuna aliyeniuliza cheti, na kwa cheti changu cha hisabati hilo lilikuwa jambo la heri. Naandika haya kwa ajili yenu nyinyi mlio chini yangu skuli, na hasa binamu zangu, mnaodhani kuendesha gari ni kubonyeza kitufe na kungoja likupeleke. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita. Mstaafu ana haki ya kusema mpaka amalize, kwa hiyo wekeni simu chini.

Kwanza gari lenyewe. Ni la Kimarekani, milango miwili, rangi ya zambarau, pua ndefu kiasi kwamba likitoka getini kwetu Hail, Omani, pua inafika barabarani wakati dereva bado yuko kwenye maua ya Bibi. Injini yake ina silinda nane. Likiwashwa, vikombe vya kahawa vinatembea mezani. Babu alilikuta limetupwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akalivuta nyumbani, akalifufua kipande kwa kipande. Giaboksi, yaani kile kisanduku cha meno ya chuma kinachopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye matairi, aliifungua na kuifunga mwenyewe juu ya mkeka wa kulia chakula. Bibi, ambaye ndiye Mkurugenzi wa nyumba yote, anasema mpaka leo pilau linanukia mafuta ya gia.

Sasa shida ilikuwa hii. Magari ya hapa usukani uko kushoto na fimbo ya gia iko katikati, kwa hiyo gia hutiwa kwa mkono wa kulia. Na mkono wa kulia wa Babu, hata baada ya kitambaa kufunguliwa, ulikuwa hauwezi kuinua kikombe cha chai. Uliweza kukaa juu ya usukani ukapumzika hapo, basi.

Ami Khalfan, mtoto mkubwa wa Babu, alikuwa na dawa yake. Ami ni mtu wa wizarani, kanzu yake haina kunyanzi, gari lake ni jeupe na la otomatiki. Mimi kazini nilimwita Mkaguzi. Alinunua giaboksi ya otomatiki, akaileta imefungwa plastiki, akaiweka katikati ya gereji.

"Baba, fundi anaibadilisha kwa siku chache tu. Utaendesha kwa mguu, mkono unapumzika."

"Lifti hiyo," alisema Babu. Babu na wenzake wenye magari ya zamani huita otomatiki lifti. "Mukinitilia lifti, ntakuwa abiria ndani ya gari langu mwenyewe."

"Sasa gia utatia kwa nini? Kwa meno?"

Babu akanielekeza kidole. Nilikuwa nakula sambusa.

Mkaguzi alinitazama kama anavyotazama karatasi isiyo na muhuri. Kisha akatoa sharti lake. Wenzake Babu walikuwa wamepanga safari ya magari ya zamani kwenda Yiti, kijiji cha pwani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Babu aende nao, na mimi nishike gia. Tukifika salama, giaboksi ya zamani inabaki. Gari likiyumba mara moja tu njiani, Jumapili fundi anakuja. Na yeye Ami atakuwa nyuma yetu, akitazama.

"Nimekubali," alisema Babu.

Mimi sikuulizwa.

Mafunzo yalianza kesho yake, siku ile ya ndara. Wengi mnadhani kutia gia ni kusukuma fimbo. Fimbo ndiyo sehemu ndogo. Kabla ya kuisukuma, dereva lazima akanyage klachi, pedali ya kushoto kabisa, ambayo inaitenganisha injini na giaboksi. Ukisukuma kabla ya klachi, meno yanasagana kwa sauti inayomfanya Bibi afungue dirisha na kuuliza nani anauawa. Ukichelewa, gari linabaki huru, yaani halimo ndani ya gia yoyote, na gari lililo huru halishikwi na kitu isipokuwa breki. Gia ya kwanza iko juu kushoto, ya pili chini kushoto, ya tatu juu kulia, ya nne chini kulia. Kutoka ya tatu kurudi ya pili ndiyo njia mbaya, maana fimbo inakwenda mshazari na inapenda kupotea katikati.

Babu alikuwa na utaratibu wake. Mkono wake wa kushoto una pete ya akiki. Akigonga usukani kwa pete mara moja, ninapandisha gia. Mara mbili, ninashusha. Nikishatia, natamka neno moja, "Imeingia," na Babu haachii klachi mpaka alisikie.

Siku za mwanzo nililipamba neno hilo kidogo.

"Imeingia, abiria wa Dubai wafunge mikanda."

"Neno moja," alisema Babu.

"Imeingia, Alhamdulillahi."

"Hilo zuri, lakini lisemee moyoni. Weye nnakutaka kwa neno moja. Na jengine: usukani si wako. Hata ukiona nini. Kila mtu na chake, ndiyo gari linakwenda."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa gereji, injini imezimwa, tukijifanya tunakwenda. Cha pili kilikuwa mitaa ya Hail asubuhi ya Ijumaa kabla watu hawajaamka, ambapo niliwaamsha. Cha tatu kilikuwa barabara kuu. Kila gia iliposaga, Mkaguzi, aliyetufuata hata mazoezini, alipiga honi kidogo, kunijulisha kwamba amesikia. Nilianza kuota pete. Nikiwa darasani mwalimu akigonga ubao kwa kalamu, mkono wangu ulikuwa unakwenda chini ya dawati.

Jioni, tukinywa chai, Babu alinisimulia alivyojifunza kazi Unguja, kwenye lori la mawe, akiwa na umri kama wangu. Kule usukani ulikuwa kulia, gia kushoto. Niliona kitu nikacheka, sikukipa uzito. Akisimulia, mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukitia gia hewani, laini, bila yeye kujua. Mkono mzima, kazi ya gia hauna.

Jumamosi ikafika. Bibi alitusomea dua, akatupa na mandazi. Magari ya wenzake Babu yalikuwa yameshatangulia, yananguruma, wazee wamevaa kofia na miwani ya jua kama wanakwenda kuoa. Sisi tulikuwa wa mwisho, na nyuma yetu gari jeupe la Mkaguzi. Mjini sikusaga hata mara moja. Tulipoanza kupanda majabali, pete ikigonga, natia, natamka.

Mteremko wa kushukia Yiti huanza kwa kudanganya. Unaona kona moja, unadhani imekwisha, kumbe ile ilikuwa salamu tu. Jabali upande wa kulia, magari yanayopanda upande wa kushoto, na baada yao hakuna kitu. Tulikuwa gia ya tatu. Mbele yetu lori la maji lilikuwa linashuka pole pole, maji yanamwagika nyuma yake. Babu akakanyaga breki, gari likapunguza. Akakanyaga tena, likapunguza kidogo. Mara ya tatu nikasikia harufu, kama plastiki iliyowekwa juu ya jiko.

"Zimepata moto," alisema Babu, taratibu, kama anaizungumzia chai.

Breki zikichoka kwa moto, pedali inakuwa laini, unakanyaga na gari linakwenda tu. Dawa yake ni moja. Unashusha gia, ili injini yenyewe iyashike matairi. Kutoka ya tatu kwenda ya pili. Ile njia mbaya.

Nikashika fimbo nikangoja pete.

Pete haikulia.

Lori lilikuwa linakuja kwetu, au sisi tulikuwa tunakwenda kwake. Niliweza kusoma nambari ya simu ya mwenye maji. Nikamtazama Babu. Mkono wake wa kushoto haukuwa kwenye usukani. Ulikuwa chini, mlangoni, umeshika mpini wa kufungulia kioo, unausukuma mbele na nyuma, unatafuta gia ya lori la mawe. Macho yake yalikuwa barabarani, na uso umetulia kama mtu anayefanya kazi yake sawasawa. Usukani ulikuwa umebaki na ule mkono usioweza kuinua kikombe, na gari lilikuwa limeanza kwenda kushoto, kwenye njia ya wanaopanda. Huko kwenye kona, gari moja likatuwashia taa.

Usukani ulikuwa karibu nami. Ningenyoosha tu mkono. Nawaambia kweli, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaondoka pajani. Lakini nikaona mguu wake wa kushoto unakanyaga klachi mpaka chini. Mguu haukuwa umekosea. Mguu ulikuwa uko Omani, unaningoja mimi.

Nikairejesha fimbo katikati, nikaisogeza upande wa Babu kidogo, ikataka kupotea, nikaikataza, nikaisukuma chini kushoto. Haikusaga.

"Imeingia."

Neno moja. Babu akaachia klachi. Injini ikapiga kelele, sote wawili tukatupwa mbele, mandazi yakaruka kutoka kiti cha nyuma. Na lile neno, au kelele, likamrudisha. Mkono wa kushoto ukaruka juu, pete ikagonga usukani, tukarudi njiani kwetu. Lile gari la kona likapita ubavuni, dereva wake akitupigia honi ndefu iliyotufuata mpaka chini. Lori la maji likaendelea na safari yake. Halikujua lolote.

Yiti, Babu aliegesha mbali kidogo na wenzake, akazima, akakaa. Nami nilikuwa nimeshatayarisha majibu matatu kwa ajili ya Mkaguzi, moja lina mbuzi, moja lina upepo, la tatu lina mbuzi na upepo.

Ami Khalfan alikuja akitembea haraka, kanzu ina kunyanzi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Baba. Gari liliyumba."

Nikafungua mdomo, mbuzi yuko tayari. Babu akanigusa goti.

"Liliyumba," alisema. "Mkono wangu ulikwenda kutafuta gia mlangoni. Kama kule. Mtoto hakukosea kitu. Mwite fundi wako."

Ami hakufurahi. Nilidhani atafurahi. Alisimama pale akishika paa la gari, akasema tu, "Khalas, Baba, basi," na sauti ilikuwa ndogo.

Wakati wa kurudi, gari la Ami alipewa mmoja wa wenzake Babu alirudishe, na Ami akakaa kwenye usukani wa zambarau. Babu akazunguka, akafungua mlango wa upande wangu, akaningoja nitoke. Alikaa pale nilipokuwa nakaa, akajifunga mkanda, akatazama mbele. Abiria ndani ya gari lake mwenyewe, kama alivyosema. Mimi nikapanda nyuma pamoja na mandazi.

Ami alikuwa hajagusa klachi tangu siku ya kupata leseni. Akawasha, akakanyaga, akashika fimbo, meno yakasaga. Gari likaruka, likazimika. Wale wazee wakageuka kutazama. Akawasha tena. Likazimika tena.

"Toa mkono," alisema Babu.

"Nishike wapi basi?"

"Usukani. Kwani hapa ni wizarani? Kanyaga."

Ami akakanyaga. Na mkono wa kushoto wa Babu, ule mzima, ukashuka kwenye fimbo, maana ukikaa kiti cha kulia fimbo iko kushoto kwako, kama kule. Ukaisukuma juu kushoto, laini, kama unavyofanya hewani wakati wa chai.

"Imeingia," alisema Babu.

Tulipanda jabali lote hivyo. Babu anasema "klachi," Ami anakanyaga, Babu anatia, anatamka. Kwenye kona kali kabisa Ami alichelewa kukanyaga, na Babu akamwambia bila kugeuka, "Mkaguzi, umelala?" Sijui nani alimwambia jina hilo. Ami alicheka mpaka likazimika tena, na sote tukashikilia viti mpaka akaliwasha.

Jumapili alasiri fundi alikuja kweli, na vyuma vyake. Ami alimpokea getini, akampa kahawa na halwa, akamwambia giaboksi imeshapata mtu wa kuishika. Mimi hakuna aliyenipa halwa. Nilirudishwa kwenye hisabati bila sherehe wala zawadi ya saa ya ukutani.

Mkiniuliza nimebaki na nini baada ya kazi ile, nitasema nimebaki na kiti. Ile giaboksi ya otomatiki iko bado gerejini, ndani ya plastiki yake, na urefu wake unafaa sana kwa kukalia. Ndipo nifanyiapo masomo yangu. Kila Ijumaa wao wawili wanatoka, pua ndefu inapita kwenye maua ya Bibi, nami nafunga geti nyuma yao, kisha nakaa kusikiliza. Ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona ya msikiti ndipo inapotakiwa gia ya tatu, na Ami huchelewa kidogo, kalamu yangu husimama, na mguu wangu wa kushoto unakanyaga sakafu.

Mpaka iingie, siwezi kuandika jibu.