Ng'ombe Mmoja Aliyeuawa Mara Kumi na Moja

Siku ya kwanza kazini nilipewa bomba la kunyunyizia dawa na kuambiwa nimshike ng'ombe. Nikamshika mkia. Bwana Mifugo wa Nachingwea, mkuu wangu wa kwanza, akaniangalia nikiburutwa mpaka kwenye mbaazi za watu, halafu akasema, "Chilumba, huko nyuma hakuna usukani."

Msinicheke sana. Kwetu Mkotokuyana tulijua korosho na kuku. Ng'ombe nilizoea kuwaona buchani, wakiwa wametulia. Shule niliachia darasa la sita na mwalimu hakulia. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi nikafanywa wa kuandika fomu.

Ndipo homa ya mapafu ikaingia Kilimarondo, kwa mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, mzee Masanja. Ugonjwa huu ng'ombe anakohoa, anakonda, na anawaambukiza wenzake. Serikali ikaamua kundi lote liuawe na kuzikwa, mwenyewe alipwe fidia. Walikuwa kumi na wanne, ndiyo mali yake yote. Siku hizo hereni za namba za kutambulisha ng'ombe zilikuwa hazijaja, kwa hiyo kila mnyama alielezwa kwa maneno: jinsi, umri, rangi na alama.

Mimi nikaandika. Mweusi mmoja, mweupe mmoja, wa madoa mmoja. Waliobaki kumi na mmoja nikawaandika hivi: jike, mkubwa, mwekundu, hana alama. Bwana Mifugo alikuwa kachoka, akasaini. Shimo likafukiwa.

Fomu ilipofika wilayani, mthamini, yule anayepanga kila mnyama ana thamani gani, akatuita. Alikuwa mama mmoja mpole, na upole wake ndio ulinitisha.

"Mbona ng'ombe mmoja kauawa mara kumi na moja?"

"Walikuwa wengi, mama, ila wamefanana."

"Mimi hapa naona ng'ombe wanne. Nitawalipia wanne."

Bwana Mifugo hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mzee wa watu umemmaliza wewe, siyo homa." Nilikosa hamu ya kula siku mbili, na mimi kwa ugali najulikana.

Tukamwomba yule mama aje mwenyewe Kilimarondo. Akaja. Akamkalisha Masanja kwenye zizi tupu, mke wake Mama Kulwa akamwacha jikoni, akawauliza mmoja mmoja, mbalimbali, wasisikizane.

Mama Kulwa alikuwa anachambua mchicha, hata kichwa hakuinua. "Wa kwanza mwekundu wa kutu, pembe ya kushoto inaangalia chini. Wa pili mwekundu wa tofali lililoiva, kazaa mara nne. Wa tatu rangi ya chai ya maziwa, alikuwa analamba ukuta wa nyumba yangu. Wa nne mtamba, hajazaa bado, ana nyota kwenye paji..." Akaenda hivyo mpaka wa mwisho. Na kule zizini Masanja alikuwa kasema vilevile.

Mthamini akanigeukia. "Na wewe uliyekuwa na kalamu?"

"Walikuwa wekundu, mama."

Mama Kulwa akacheka mpaka mchicha ukamwagika. "Huyu bwana, mkewe akivaa kitenge kipya atauliza mgeni katoka wapi."

Nikaandika fomu mpya, nikamsomea Masanja kabla hajasaini. Nilipofika wa saba akanishika mkono. "Huyo rudia, bwana karani." Nikarudia, polepole. Akaitikia kwa kichwa, akasaini. Fidia ilichelewa, ila ilikuja ya kumi na wanne.

Nilipohamishiwa Ruangwa habari zilinitangulia. Afisa Mifugo wa kule alinipokea kwa kusema, "Mwekundu, karibu." Jina likakaa. Sikukasirika, nililifanyia kazi.

Sasa nimestaafu, mgongo unauma kidogo, moyo hauna neno. Nyie vijana mna simu, mnapiga picha, na picha ni nzuri. Mimi kazi yangu ya mwisho ilikuwa Matambarale, ng'ombe sita wa kuuawa. Nilikaa na mwenye zizi asubuhi nzima, ananielezea, naandika. Dereva akapiga honi mara tatu, akachungulia dirishani.

"Mzee, ng'ombe sita tu hao."

"Zima gari," nikamwambia. "Bado wanne."